Mstari wa Pili

Wenzake maabarani walimwita Hakimu, na hakuna aliyekumbuka vizuri nani alianza. Mfagizi alimwita hivyo, mkuu wa maabara alimwita hivyo akiwa na furaha, na hata mkewe, siku akichukia, alimuuliza kama mahakama imekwisha kukaa au chakula kiendelee kupoa. Jina lilimkaa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kazi yake ilikuwa kutoa hukumu juu ya matone.

Matone yenyewe yalitoka puani mwa watu. Mmoja ameanguka, mwingine amegongwa kichwa, mwingine amefanyiwa upasuaji wa kichwa, na mwingine hajapatwa na lolote ila ameamka tu siku moja pua ikichuruzika maji meupe kama ya mvua. Swali lilikuwa moja: je, haya ni mafua, au ni maji ya ubongo? Kati ya ubongo na pua kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai. Ukipata ufa, na utando ulio juu yake ukachanika, maji yanayouosha ubongo hushuka tone kwa tone, na njia ile ile inayoshusha maji ndiyo inayopandisha vijidudu. Mtu anapangusa pua, anameza kidonge cha mafua, anasema ni vumbi la barabarani. Kumbe kichwa chake kiko wazi kama nyumba iliyoachwa bila mlango.

Wodini walikuwa na njia zao. Wapo waliodondosha tone juu ya shuka na kutazama kama duara jeupe litajichora kuzunguka damu. Hakimu alikuwa akiwacheka bila kutabasamu. "Hata machozi yakichanganyika na damu yanachora duara," alisema. "Basi tumpasue kichwa kila anayelia?" Wengine walichovya kijiti cha kupimia sukari, kwa kuwa maji ya ubongo yana sukari na kamasi kwa kawaida halina. Hilo nalo alilikataa. Mwenye kisukari, hata mafua yake yana sukari. Na maji ya ubongo yakishaingiwa na vijidudu, sukari yote inaliwa, kijiti kinasema hakuna kitu na huku mgonjwa anakufa.

Yeye alitumia umeme. Aliweka tone kwenye jeli nyembamba, laini, iliyotandazwa juu ya kioo na kugawanywa vijia kama shamba la matuta, akapitisha umeme, na protini zilizomo zikaanza kukimbia kila moja kwa mwendo wake. Moja kati yake ni ile inayobeba madini ya chuma mwilini. Ikiwa kwenye damu huwa na vimikia vya sukari na hukimbia mbele; kwenye maji ya ubongo kuna nyingine ya aina hiyo hiyo iliyokatwa vimikia, nayo huchelewa nyuma. Akishamwagia dawa inayoishika protini hiyo peke yake, mistari hujitokeza. Mafua huonyesha mstari mmoja. Maji ya ubongo huonyesha miwili. Mstari wa pili, ule wa nyuma, ndio wenye habari.

Lakini kulikuwa na mtego, na kwa sababu ya mtego huo Hakimu alijiwekea sheria ambayo kila daktari wa mji ule aliijua: pua bila damu siisomi. Kila mgonjwa aletwe na vichupa viwili, kimoja cha maji ya pua na kimoja cha damu, vipite kwenye jeli moja, kijia kwa kijia, bega kwa bega. Kwa nini? Kwa sababu wapo watu ambao damu yao yenyewe huwa na mstari wa pili: wenye ini bovu, wachache waliozaliwa hivyo, na walevi wa miaka. Kwa watu hao mstari wa pili puani hauna maana, kwani umetoka kwenye damu. Ukimsoma bila damu yake utampasua bure.

"Hakimu," mwenzake wa meza ya pili alimtania siku moja, mama mnene mwenye kicheko cha kuangusha vichupa, "hata mkeo akipiga chafya nyumbani utamwomba damu?"

"Akitaka majibu, ndiyo."

"Na asipotaka majibu?"

"Basi apanguse pua aendelee na shughuli zake."

Mama yule akacheka mpaka akakaa. Hakimu hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amesimamia sheria hiyo mbele ya madaktari wakali, mbele ya mkubwa mmoja aliyetaka mwanawe apimwe upesi, mbele ya mkuu wa maabara mwenyewe. Hakuvunja. Watu wa namna hii wanahitajika, na nchi yoyote yenye wachache wao hujuta. Lakini mtu mnyoofu ana hatari yake. Akizoea kuwa sahihi mezani, huamka siku moja akadhani yu sahihi kila mahali.

Alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, fundi wa paa.

Fundi huyu alikuwa na mikono ya dhahabu na koo la shimo. Pombe aliianza ujanani, ikamlea kuliko wazazi wake. Alifukuzwa kazi akiwa juu ya paa la watu, akashuka akiimba. Siku ya mazishi ya baba yao alifika kaburi limekwisha fukiwa, akataka lifukuliwe ili aage. Na jambo ambalo halikusameheka nyumbani: aliuza cherehani ya mama yao, ile iliyowasomesha wote wawili, akanywa mpaka gurudumu lake. Baada ya hapo mama alihamia kwa Hakimu, na jina la mdogo lilipotajwa mezani alihesabu punje za wali kwa kijiko.

Kuacha? Aliacha mara nyingi. Aliapa kwa kaburi la baba, kwa macho ya wanawe, kwa radi. Kila alipoacha alikuja kutangaza, na kila alipotangaza Hakimu alimpa mkono, na kabla mkono haujapoa mtu alikuwa mtaroni. Mara ya mwisho Hakimu alimfungia mlango. "Usije kuniambia umeacha," alimwambia kupitia dirishani. "Ukiacha kweli, kaa nayo kimya. Nitajua mwenyewe."

Mdogo akafanya alivyoambiwa. Hakuja kutangaza tena.

Kisha akaanguka. Ngazi ilikuwa imesimamishwa juu ya vigae vyenye maji, miguu yake ikateleza, naye akashuka nayo na kugonga paji la uso kwenye ukingo wa pipa. Aliyeleta habari hakusema habari za vigae. Alisema, "Mdogo wako ameanguka tena," na neno hilo la mwisho lilitosha. Mama akauliza, "Alikuwa amekunywa?" Hakimu akasema, "Unauliza jibu, mama."

Jeraha likapona ndani ya wiki moja. Pua haikupona. Ilianza kuchuruzika upande mmoja tu, maji meupe, hasa anapoinama kufunga viatu, na nyuma ya koo akawa anaonja chumvi. Kichwa kilimuuma akisimama, kikapoa akilala. Mkewe akampeleka kwenye kliniki ya pua na masikio, ng'ambo ya mji. Daktari wa pale, kijana msikivu lakini mwepesi wa kuchoka, akamwinamisha, akakinga kichupa, akatoa na damu. Akawaambia wapeleke wenyewe vichupa maabara kuu, maana gari la kliniki lilikuwa bovu.

Wakaja asubuhi. Hakimu alimwona mdogo wake kwenye benchi la ukumbini, amevaa shati safi lililopigwa pasi, kichwa amekiinamisha, kitambaa puani. Mkewe alikuwa ameshika mfuko.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimefuata hukumu," mdogo akasema, akajaribu kucheka, kisha akashika kichwa. "Wanasema wewe ndiye unayejua kama ubongo unavuja. Mimi nikawaambia, kaka yangu kwa maneno yake ubongo wangu ulivuja zamani."

Mkewe akamfinya. Hakimu akapokea mfuko. Ndani yake kichupa cha maji ya pua kilikuwa kizima. Cha damu kilikuwa kimepasuka, damu imeganda kwenye karatasi.

"Nani kavunja?"

"Mimi, shemeji," mke akasema. "Pale getini watu walikuwa wanasukumana, mfuko ukagonga nguzo."

Hakimu hakumtazama yeye. Aliitazama mikono ya mdogo wake iliyolala magotini. Ilitetemeka kidogo. Ilikuwa imetetemeka miaka mingi na labda ingetetemeka mpaka kaburini, na kichwa kinachouma hutetemesha hata mikono ya mtawa. Lakini yeye aliona alichozoea kuona.

"Bila damu siwezi kusoma," akasema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kueleza, akaeleza. Akachora kwa kidole juu ya benchi: kijia cha pua, kijia cha damu. "Ikitoka miwili puani na mmoja kwenye damu, hayo ni maji ya ubongo, utapasuliwa na kuzibwa. Ikitoka miwili huku na miwili kule, ni damu yako tu ilivyoharibika. Kwa pombe."

Mdogo akaitazama ile mistari isiyoonekana. "Na mtu akiwa ameacha?"

"Akiwa ameacha kweli, mwezi na kitu damu inajisafisha. Mstari wa pili unaondoka."

"Basi kaka," mdogo akasema taratibu, "damu yangu haina mstari wa pili."

Mdogo akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mbele ya kaka yake, mshipa ukiwa umejitokeza, mnene, wa mtu wa kazi.

"Nitoe hapa hapa. Sindano unayo. Tumalize."

Ingekuwa kazi ya muda wa kupiga chafya. Chumba cha kutolea damu kilikuwa mlango wa tatu, na mama mnene alikuwa humo akipangusa meza.

"Hapa si kilingeni," Hakimu akasema. "Damu inatolewa ulikoandikishwa, inakuja na karatasi yake. Sitaki watu waseme ndugu wa Hakimu wanapita mlango wa nyuma. Rudi kliniki wakutoe nyingine."

"Kaka, kichwa kinaniuma. Ni ng'ambo ya mji."

"Utaratibu ni utaratibu."

Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha mdogo akaushusha, akakunjua shati, akafunga kifungo cha mkono kwa shida. "Sawa, Hakimu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

Walipofika kliniki mtoa damu alikuwa amekwisha ondoka. Wakaambiwa waje kesho.

Huku nyuma Hakimu alikuwa na jeli ya wagonjwa wengine ikisubiri. Kijia kimoja kilibaki kitupu, na kingine pembeni yake. Akakiangalia kile kichupa cha maji ya pua, akaona afadhali kipite, damu itafuata kwenye jeli nyingine. Akaweka tone. Alasiri mistari ikajitokeza. Kwenye kijia cha mdogo wake kulikuwa na miwili, iliyokaa vizuri, safi kama imepigwa rula. Pembeni yake, pale ambapo damu ingekuwa, kulikuwa na weupe mtupu.

Mama mnene akapita nyuma yake, akachungulia. "Huyu ubongo unavuja."

"Au ni mlevi."

"Damu yake inasemaje?"

"Haijaja."

"Basi hujui," mama mnene akasema, akaenda zake na trei. Lilikuwa neno la Hakimu mwenyewe, amemfundisha yeye.

Simu ikalia. Daktari wa kliniki.

"Hakimu, yule fundi wa paa, umeona nini?"

"Mstari wa pili upo. Lakini damu sina, ilivunjika."

"Aa. Sasa nifanyeje? Picha ya kichwa niliyompiga haionyeshi ufa wa kueleweka. Na upasuaji huu si mchezo, siwezi kumfungua mtu kwa kubahatisha. Au ni mnywaji? Maana yeye alisema hanywi."

Hapo ndipo ilipotakiwa kusemwa ile sheria ya miaka yote, yenye maneno manne. Hakimu aliijua. Ilikuwa mdomoni. Lakini mbele yake alimwona mtu juu ya kaburi la baba akiita majembe. Aliiona nafasi ya cherehani ukutani, rangi yake imebaki mbichi.

"Ni mlevi," akasema. "Wa miaka."

"Una hakika?"

"Ni mdogo wangu."

"Pole sana," daktari akasema, na sauti yake ikawa na wepesi wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi umenisaidia. Wewe ukisema, mimi naandika. Nitampa dawa ya mzio, tuone."

"Damu mtaleta?"

"Ya nini tena?"

Hakimu akarudisha simu mahali pake. Watu huvunja sheria kwa ajili ya ndugu ili wawapendelee, na aibu hiyo tumeizoea. Yeye aliivunja ili amhukumu, na kwa kuwa hakupata faida yoyote, hakuona kama ameivunja.

Kesho yake mdogo alipokwenda na mkono wake, hakutolewa damu. Alipewa vidonge na dawa ya kupulizia puani, akaambiwa apunguze kinywaji.

Mkewe ndiye aliyekuja. Hakukaa kwenye benchi. Alimngoja Hakimu kwenye lango la wafanyakazi, saa ya kutoka, watu wakipita na mikoba yao.

"Shemeji, umemwambia nini daktari?"

"Nimemwambia ninachokijua."

"Unajua nini? Mara ya mwisho umeingia nyumbani kwetu lini?"

"Shemeji, tusizozane barabarani."

"Barabarani ndiko ulikotufikisha. Yule mtu ameacha. Mimi ndiye ninayelala naye. Pumzi yake naijua ikiwa na pombe na naijua ikiwa haina, kama wewe unavyojua vichupa vyako. Asubuhi mto wake umelowa maji kama umetolewa kisimani, na mimi ndiye ninayeufua."

"Ameacha mara ngapi, shemeji?"

"Nyingi. Na hii ni moja."

"Wote husema hivyo. Na wake zao husema zaidi yao."

Mwanamke akamtazama, uso mkavu. "Sikukuomba umwamini," akasema. "Nilikuomba umpime. Kumbe kupima nako kunataka kupendwa." Akajitanda upya, akaondoka, na Hakimu akatembea kwenda nyumbani akijisemea kwamba hakusema uongo hata mmoja. Lilikuwa kweli. Hakusema uongo hata mmoja.

Homa ilianza mwisho wa juma lile. Mdogo alisema mwanga unamchoma, akaomba dirisha lifunikwe kwa shuka. Mchana akatapika bila kichefuchefu. Shingo ikakaza kama mti. Mkewe alipojaribu kuinua kichwa chake, mabega na mgongo vikainuka pamoja nacho. Baadaye akaanza kuzungumza na mtu aliyekuwa juu ya paa, akimwambia ashushe bati polepole. Majirani wakasaidia kumbeba. Alipofikishwa hospitali kuu hakumjua mkewe.

Waganga wa zamu hawakuuliza kama ni mlevi. Walimchoma sindano uti wa mgongo, yakatoka maji yaliyochafuka kama ya mchele, wakamwanzishia dawa kwenye mshipa, wakachukua na damu. Kichupa kile cha damu, kwa kuwa karatasi ya zamani ilikuwa na kumbukumbu ya pua, kililetwa maabara. Mama mnene alikipokea. Akasoma jina, akakiweka mezani mbele ya Hakimu bila mzaha wowote.

"Hii hapa damu uliyokuwa unaingoja," akasema.

Mabaki ya maji ya pua yalikuwa bado kwenye jokofu, yamebaki vidole viwili chini ya kichupa. Mama mnene akataka kufanya yeye. Hakimu akakataa kwa kichwa. Aliandaa jeli mwenyewe, akaweka matone, pua na damu, kijia kwa kijia. Aliwasha umeme, akavuta kiti, akakaa mbele ya kile chombo kama mtu anayengoja mlango wa wodi ufunguliwe. Hakula. Wenzake walipita kwa nyayo za taratibu.

Alimwagia dawa, akasuuza, akainua kioo kwenye taa.

Puani, miwili. Kwenye damu, mmoja.

Alikigeuza kioo, akakigeuza tena. Akafuta miwani. Ule wa damu ulikuwa mmoja, mweusi, mpana, na nyuma yake hapakuwa na hata kivuli. Ilikuwa damu safi ya mtu aliyeacha, na kuacha kwenyewe hakukuwa kwa juzi wala kwa kuugua. Yule mkono ulionyooshwa kwenye benchi ulikuwa umebeba jibu lote ndani ya mshipa, na yeye alikuwa ameurudisha ng'ambo ya mji.

Akampigia daktari wa kliniki. Akamweleza kwa mpangilio, kama anavyosoma majibu ya mtu mwingine.

"Hakimu," daktari akasema, "mimi niliandika ulichosema."

"Najua. Nami nilisema bila damu."

"Hujawahi kusoma bila damu."

"Najua."

Daktari alianza kusema kwamba na yeye angeweza kusisitiza, kwamba picha ile ilikuwa mbaya, kwamba kazi ni nyingi. Yote yalikuwa kweli, na uzembe wake nao una hesabu yake. Hakimu alimwacha amalize, akaweka simu chini. Kisha akaenda kwa mkuu wa maabara, akaeleza, akatia saini majibu mapya. Mkuu alimwambia akapumzike nyumbani. Alipofika mlangoni aliona hawezi kwenda nyumbani, kwa sababu mama yuko huko.

Mdogo hakufa. Dawa zilikishinda kifo, zikaacha kingine. Homa iliposhuka na macho yake yakarudi kuwa ya kwake, mkewe alimwita, akamwita tena, akapiga kofi karibu na sikio lake. Alikuwa akimtazama vizuri tu, anatabasamu, anangoja asemeshwe. Ugonjwa ulikuwa umeyala masikio yote mawili, na pamoja na masikio umekula kile kilicho ndani yake kinachomfanya mtu asimame wima. Alipojaribu kushuka kitandani sakafu ilimkimbia, akashika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, yeye aliyekuwa akitembea juu ya boriti kama njia ya shambani. Madaktari walisema atajifunza kutembea, kwa kufuata ukuta. Kuhusu paa hawakusema kitu, na hakuna aliyewauliza. Baadaye wangemziba ule ufa kwa kipande cha utando kutoka pajani. Mfupa ungepona vizuri, walisema.

Hakimu alikwenda adhuhuri, saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuja naye, akabaki kwenye benchi la ukumbini na chupa ya chai mapajani. Alisema Hakimu atangulie, yeye miguu inamuuma. Shemeji alikuwa kando ya kitanda akikunja nguo. Alimwona, hakumwamkia, hakumfukuza. Akasogeza tu kiti kwa mguu.

Hakimu alikuwa amejiandalia maneno njiani. Alipofungua mdomo mdogo wake akamtazama midomo, akatikisa kichwa.

"SISIKII KAKA," akasema, kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Wodi nzima ikageuka. "HATA NIKIPIGA KELELE SISIKII. SEMA POLEPOLE AU ACHA."

Hakimu akafunga mdomo. Alikuwa na kalamu mfukoni, na shemeji alikuwa na karatasi za kuandikiana naye, lakini mkono haukwenda. Angeandika nini? Kwamba alifuata utaratibu? Kwamba hakuufuata?

Mdogo akamwondolea tabu. Alinyoosha kidole juu ya shuka, akachora polepole kijia kimoja, akachora cha pili pembeni yake. Akagonga kile cha pili.

"DAMU MLIPIMA?"

Hakimu akaitikia kwa kichwa.

"MISTARI MINGAPI?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Shemeji akaacha kukunja. Hakimu akainua kidole kimoja.

Mdogo akakitazama kidole kile kwa muda mrefu. Hakuonyesha furaha, wala hasira. Midomo yake ilicheza kidogo, machozi yakateremka, na kwa mazoea ya wiki zile akashika kitambaa akapangusa pua kwanza kabla ya macho.

"NILIWAAMBIA," akasema. Halafu, akielekeza kidevu mlangoni: "MAMA YUPO? KAMWONYESHE NA YEYE HICHO."

Hakimu akatoka. Mama alikuwa pale pale, shingo imepinda kusikiliza, kwani sauti ile ilifika mpaka ukumbini.

"Anapiga kelele nini? Anadai nini?"

"Hadai kitu, mama." Akakaa kando yake. "Damu yake ni safi. Hakuwa amekunywa. Si siku ile ya ngazi, wala kabla yake."

Mama akaigeuza chupa ya chai mapajani, akakaza kifuniko kilichokuwa kimekaza tayari.

"Kwa hiyo alikuwa ameacha kweli?"

"Ameacha."

"Tangu lini?"

Hakimu alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Watu waliingia na kutoka wodini na mifuko yao ya matunda. Hakujua. Hakuwahi kumuuliza.